Kundi la Kulinganisha

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo bado unakusumbua ukikaa kwenye cherehani? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi napumua; moyo ndio hautulii. Nimeona niandike, maana nikipiga simu nitalia tu.

Kazini tunafanya mapitio ya tafiti: tunakusanya kila utafiti uliofanywa juu ya jambo moja, tuone zote kwa pamoja zinasema nini. Lakini kwanza swali lijengwe juu ya kiunzi chake: wagonjwa gani, tiba gani, tunawalinganisha na nani, tunatazamia matokeo gani. Mkuu wetu, tunayemwita Mama Chekeche kwa jinsi anavyochuja maneno, husema ukikosea hapo utavuna tafiti zisizokuhusu.

Safari hii ni dawa za kifafa. Nilipendekeza tuulize kuhusu wajawazito. Mwenzangu wa meza ya pili alinicheka kwamba napenda kujitwisha mizigo, ila Mama Chekeche alikubali, akaniambia swali hilo niliandike mwenyewe. Wagonjwa niliandika, dawa niliandika. Kwenye kulinganisha nikaweka wanaoacha dawa baada ya kushika mimba. Nilipofika kwenye matokeo, niliacha kuandika. Nilitakiwa kuandika kilema cha mtoto, kuanguka kwa mama, kifo, maneno makavu hivyo hivyo. Nilikimbilia chooni. Mama Chekeche alinifuata akauliza kama naumwa, nikamwambia ni joto.

Dada, mficha uchi hazai. Nina mimba, na ile dawa uliyokuwa ukinisagia kwenye kijiko nikiwa mdogo, nimeiacha. Niliogopa itamdhuru mtoto. Sikumuuliza daktari, mimi ninayelipwa mshahara kwa kuuliza maswali! Jana nilijikuta sakafuni jikoni, ulimi umechanika, bomba linamwaga maji, sijui nimelala pale kwa muda gani. Mume wangu yuko safarini na hajui lolote. Naogopa kumeza, naogopa kutomeza. Wale wa kulinganishwa niliowaandika ni mimi.

Leo lazima nimwone daktari, lakini peke yangu barabarani siwezi. Wasalimie wanangu, ila usiwaambie kitu. Jirani aliyekuletea barua hii nimemwomba akusubiri mlangoni. Tafadhali, rudi naye.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba