Taa ya Kijani na Chembe za Dhahabu

Njoro, 14 Juni

Kwa kaka yangu Muturi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mahindi ya Kabazi yamepata mvua. Mimi ni mzima wa mwili. Nimetumia karatasi kwa sababu nikipiga simu Mama huiweka spika, na haya si ya spika.

Nasikia ameliambia kanisa zima kwamba bintiye anatengeneza dhahabu. Msahihishe taratibu. Dhahabu yetu ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho; zikiwa majini, chupa nzima huwa nyekundu. Kazi yake ni kuharakisha dawa fulani ya manjano ipoteze rangi. Mimi nilionyesha kwamba chupa ikimulikwa kwa taa ya kijani, rangi huisha mara tatu upesi kuliko gizani. Dakta Kiptum, msimamizi wangu, alifurahi hata akanisifu mbele ya idara nzima. Mahafali ni Desemba, na Mama ameshachagua mbuzi.

Nashinda katika chumba chenye madirisha yaliyozibwa kwa karatasi nyeusi, na siku hizi naona ni humo nitakamozeekea.

Muturi, mwezi wa Machi niliigusa chupa iliyokuwa chini ya taa vile tunavyopima maziwa ya ndama. Ilikuwa vuguvugu. Ya gizani ilikuwa baridi. Nikaiweka ile ya taa ndani ya beseni la maji baridi, nikarudia jaribio, na tofauti yote ikaisha. Haikuwa nuru hata kidogo, ni joto la taa tu. Ukurasa wa siku hiyo katika daftari langu la majaribio niliuchana, na nimenyamaza hadi leo. Naogopa, kaka.

Sasa yuko Adongo, msichana aliyeanza masters mwaka huu, na utafiti wake umejengwa juu ya wangu. Ni makini kunishinda: ametumia beseni tangu siku ya kwanza, ndiyo maana hapati kitu. Dakta amemwita mzembe, akamwambia akishindwa tena mwezi huu arudi kwao. Jana alinijia akilia, akaniuliza anakosea wapi. Nilikusudia kumwambia ukweli. Nilipofungua mdomo nikamwambia aondoe beseni.

Ameliondoa. Leo matokeo yake yamelingana na yangu. Alinikumbatia, akasema Mungu anibariki, kisha akaketi kuandika jina langu kwenye ukurasa wake wa shukrani.

Wasalimie watoto na majirani. Ukiniombea kanisani, usitaje sababu.

Ni mimi dadako,
Wangare