Kibii, Kuhusu Bunduki Uliyoniuliza

S.L.P. 93,
Njoro.

16 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Kibii,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima, mgongo wako umepoa, na baridi ya huko Texas, ambayo hatukujua kama ipo, haijakumaliza. Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imekawia kidogo na ng'ombe wanatafuna mabua ya ngano huku wakitutazama kama sisi ndio tulioifunga. Presha ya mama imeshuka. Dawa zake huzikumbuka siku mbili kabla ya kliniki ili daktari amsifu, na daktari humsifu.

Barua hii utaipata kwa mkono wa Kemboi wa Kiamunyi, anayesafiri kuja huko mwisho wa mwezi. Najua utashangaa kuona nimeshika kalamu. Nilijaribu kukujibu kwa WhatsApp mara tatu, na mara zote tatu nikafuta. Mambo mengine yanataka karatasi.

Ulinitumia picha tatu za bunduki. Ulisema karavani unayoishi iko mbali na mji, kwamba ya jirani mmoja ilivunjwa mchana akiwa kazini, na kwamba sasa hulali vizuri. Ukaandika, "Bro, wewe ndio expert wa family. Nichagulie moja." Nilicheka kwanza, kwa sababu nakukumbuka ukikimbia jogoo wa shangazi. Halafu nikaenda kukaa nyuma ya ghala peke yangu mpaka Peterson akaja kunitafuta. Huyo ndiye kijana wa Lanet niliyefanya naye kazi kwenye kombaini ya kuvunia ngano miaka saba.

Kibii, uliambiwa kwamba mama yake shemeji yako Jemutai alifariki kwa ajali shambani. Aliyekuambia ni mimi. Sasa nakuomba uketi.

Unajua maisha ya kombaini. Ngano ikiiva Narok unakwenda Narok, ikiiva Njoro unarudi Njoro, ikifika Desemba unapanda Mau Narok. Ile karavani yangu niliundiwa na mafundi wa Nakuru juu ya trela kuukuu: mabati nje, plywood ndani, vitanda viwili na jiko la gesi. Niliipenda kuliko nyumba ya mawe. Peterson alikuwa akinitania, "Boss, hii ukuta ni karatasi. Ukikohoa ndani, mimi naskia nikiwa kwa trekta." Tulikuwa tukicheka.

Kisha wezi wakaanza kufuata kombaini. Walituibia betri mbili na dizeli, na msimamizi wa shamba jirani wakamkata mkono kwa panga. Nikaogopa, sioni haya kusema. Niliomba leseni, nikapimwa akili, nikapelekwa kufundishwa kulenga, na baada ya miezi mingi nikaambiwa naweza kununua bastola.

Mwenye duka alikuwa mtu makini. Kabla ya kunionyesha chochote aliniuliza naishi wapi na ukuta wa nyumba yangu ni wa nini. Nikamjibu ni wa mawe. Kibii, niliona haya. Nilikuwa nimevaa koti la harusi, nimeketi na watu wenye magari makubwa, nikashindwa kusema kwamba miezi minane ya mwaka nalala kwenye bati linalokokotwa na trekta. Kwa hiyo akanichagulia bunduki ya mtu mwenye ukuta wa mawe. Sijui angeniambia nini kama ningesema kweli. Labda angeniambia nirudi nyumbani nikanunue mbwa.

Desemba ya mwaka juzi tulikuwa Mau Narok, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwa wakwe zangu. Asubuhi moja Peterson aliteremka na trekta kuleta dizeli, nikabaki peke yangu. Palikuwa na ukungu, ule wa huko juu, hata gurudumu la kombaini sikuliona dirishani. Nikasikia kitu nyuma ya karavani, upande tuliokuwa tumepanga madumu.

Nikauliza, nani? Kimya. Nikauliza tena kwa lugha yetu. Kimya, kisha nyayo zikasogea polepole, kama za mtu asiyetaka kusikika. Nikachukua bastola. Sikutaka kumpiga mtu. Nilitaka kutisha, nikaelekeza chini na kufyatua kupitia ukutani.

Alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa amekuja kuniomba nimkatie ngano yake, ekari mbili tu, kabla mvua haijaiharibu. Alijua kombaini haiingii shambani mpaka umande ukauke, kwa hiyo alikuja mapema anikute. Lakini unajua mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso, wala hasimami mlangoni pake. Siku hizi wengi wameiacha heshima hiyo. Wakwe wanakumbatiana kwenye harusi na kupigwa picha. Yeye hakuiacha. Kwa miaka ishirini na sita hatukuwahi kupeana mkono. Jina lake sijawahi kulitaja, na hata hapa siliandiki. Alienda kusimama nyuma ya karavani, mbali na mlango, amngojee Peterson atoke ampe ujumbe aniletee. Hakujua kwamba Peterson hayupo. Nilipouliza nani, aliitambua sauti yangu, na kwa kuitambua ndipo akanyamaza. Akaanza kuondoka ili tusikutane.

Mwizi angejibu, Kibii. Mwizi angekimbia au angenitukana. Aliyenyamaza ni yule aliyeniheshimu kuliko watu wote.

Risasi ilimpata juu ya paja. Nilimbeba mwenyewe hadi barabarani. Mikono yangu haikuwa na ruhusa ya kumgusa, na njia yote alijifunika uso kwa leso ili nisimwone, damu ikinichuruzika viatuni. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Gari la maziwa likatuchukua mpaka hospitali Nakuru.

Aliishi siku nne. Sikuingia wodini, nilikaa kwenye benchi ya nje na askari kando yangu. Siku ya tatu Jemutai alitoka ndani akaniambia, bila kunitazama, "Mama amesema si makosa yako. Amesema yeye ndiye hakuitika." Kesho yake akafariki. Kama angenilaani ningejua pa kuiweka laana. Msamaha ule mpaka leo sijui niuweke wapi.

Nilishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, nikakiri. Wazee wa pande mbili walikaa, wakaenda kusema mahakamani, nikapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Ndio maana mwaka jana nilikuambia nafanya kazi ya kujitolea shuleni. Nilikuwa nafyeka nyasi kwa amri ya korti. Bunduki ilichukuliwa. Watu walinipa pole kwa kesi, wachache sana walinipa pole kwa ajili yake. Na ile ngano yake ilinyeshewa, ikaota ikiwa bado kwenye masuke. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuikata.

Sasa nijibu swali lako. Sikuchagulii hata moja. Nimezitazama zile picha tatu kwa makini, na zote zinapita kwenye ukuta wako. Uliniambia Wariara wa Lanet anaishi karavani ya tatu kutoka kwako na watoto wake wawili, na kwamba Jumapili wanakuletea chapati. Umepima kutoka kitandani kwako mpaka kitandani kwa wale watoto kuna kuta ngapi? Mimi sikupima. Weka taa kubwa nje, tia kufuli nzuri, sogeza karavani karibu na wenzako, na wakija wezi waache wachukue televisheni. Ulisema ni ya mkopo hata hivyo.

Ukiona nakuonea, kwamba huko ni huko na huku ni huku, nunua. U mtu mzima. Lakini usiseme tena kwamba kaka yako ndiye mtaalamu.

Mama anakusalimu na anauliza utaoa lini. Safari hii usimjibu kwa mzaha. Dada yetu Cheptanui amejaliwa mtoto wa kike, mnono, ana masikio yako, tumwombee. Peterson anakusalimu, sasa anaendesha kombaini peke yake na mimi simfuati. Nisalimie Wariara na wanawe.

Jemutai pia anakusalimu. Alikaa kwa kaka zake miezi kumi na mmoja, na Novemba akarudi, akafungua jikoni, akaanza kupika bila kusema neno. Tunaongea sasa, kidogo kidogo. Ila kila akitoka kukamua au kuchota maji, akirudi husimama hatua kumi kutoka mlangoni, mchana kweupe, na kusema kwa sauti, "Ni mimi, Jemutai." Nimemwambia nyumba hii haina bunduki tena. Ananiambia anajua. Kesho yake anasimama palepale na kujitaja jina, nami ninamjibu, ingia.

Mungu akulinde, ndugu yangu, na awalinde wote wanaokuja kwako wakiwa kimya.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kukungoja,

Kipkirui