Neno Nililomtupia Dereva Faustini

Baba yangu, shikamoo.

Goti linasemaje? Mama aliniambia kwamba siku hizi unaswali umekaa kwenye kiti na hutaki majirani wakuone. Namwomba Mwenyezi Mungu akupunguzie maumivu. Mimi mwili wangu ni mzima, nakula, nalala, na chumba changu hapa Buyenzi hakivuji tena. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza, “Kazi je?” nami ningejibu, “Nzuri, baba,” kama kawaida yangu. Barua hii anakuletea mama Zuhura, yule anayekuja huku kununua vitenge. Anavuka mpaka wa Manyovu kesho.

Wewe umekula kwa usukani maisha yako yote. Ndiyo maana nilitamani hili usilijue kamwe, na ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Kuna mfanyabiashara mmoja hapa, tunamwita Madamu Speransiya, anakaa mtaa wa Kigobe. Ana lori la dizeli linaloshusha maharage na viazi kutoka mji wa Ngozi. Dereva wake ni Faustini, mtu wa Uvira, rika lako au pungufu kidogo, mpole, anaishi Kanyosha na mkewe. Lori hilo lilikuja kuukuu kutoka ng'ambo, likiwa limefungwa geji ya ziada inayopima joto la moshi kwenye ekzosi. Unajua mwenyewe, moshi ukizidi moto, injini inaweza kuungua ndani hata kama maji hayajachemka.

Faustini alilileta garajini kwetu, mshale wa geji hiyo ukigusa nyekundu. Tulipanda naye mlima wa njia ya Bugarama mpaka kona za mwanzo, na kweli mshale ulikuwa juu.

“Fundi, mi naona moteri iko muzima,” aliniambia. “Inavuta. Moshi haiko mweusi. Ni mushale tu njo unapanda.”

Nilimjibu, “Wewe endesha, mzee, mengine niachie.” Nilimwambia hivyo, baba, mtu wa umri wako. Geji yoyote hupimwa kwanza injini ikiwa imepoa, ujue kama inasema kweli. Hilo nalijua tangu nilipoanza kushika spana. Sikulifanya.

Tuliporudi, Madamu alikuwa amekwisha fika na hasira zake. Mafuta huku ni shida kubwa. Magari hulala kwenye foleni, na mazutu, ndivyo wanavyoita dizeli, huuzwa kwa kificho kwenye madumu. Akaniuliza mbele ya mafundi wote, “Fundi, gari yangu inagonjwa nini?”

Ningesema sijui bado. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na nilitaka nionekane fundi anayejua ugonjwa kabla ya kufungua boneti. Nikasema, “Moshi hauwi moto hivi bure, Madamu. Huenda mazutu imechanganywa. Mtu akitoa iliyo nzuri na kurudishia takataka, injini inaungua hivi hivi.”

Sikumtaja Faustini. Lakini tangi la lori lile alilishika nani mwingine?

Madamu akamgeukia. “Unauzaka mazutu yangu?”

“Apana, Madamu. Mungu iko anaona. Apana.”

“Lete funguo.”

Faustini aliondoa rozari yake kwenye kioo, akakunja kitambaa alichokuwa akiegemeza mgongoni, akampa funguo kwa mikono miwili. Kisha akanijia mimi, bila kupandisha sauti. “Fundi, ile mazutu uliinusa? Uliitazama hata kidogo?”

Niliinama kwenye sanduku la vyombo kama mtu anayetafuta spana. Niliendelea kutafuta mpaka nikasikia ameondoka.

Nilifungua injekta zote, nikazikuta nzuri. Nikachota mazutu ya tangini kwenye chupa ya kioo, ikawa safi, haina maji wala harufu ya mafuta ya taa. Hapo tayari nilikuwa nimejua, nikajifanya sijajua. Asubuhi iliyofuata nilipanda kwenye lori likiwa limelala limezima. Nikafungua swichi tu, sikuwasha injini. Mshale ukapanda hadi karibu na nyekundu. Nikashuka nikaishika ekzosi kwa kiganja, baridi kama jiwe la mtoni. Nikarudi nikawasha taa, mshale ukaongezeka. Taa zina uhusiano gani na joto la moshi? Nikafuata waya nyuma ya dashibodi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, nikaukuta umefungwa juu ya bati lenye rangi na kutu, skrubu inacheza, umeme haupiti sawasawa na geji inadanganya. Nikapiga msasa, nikatia skrubu mpya, nikakaza. Mshale ukalala chini. Tukalipandisha lori Bugarama, likafika juu na mshale umetulia pake. Geji tu, baba. Kazi ya msasa na skrubu moja.

Nilimweleza mwenye garaji, mzee Yahya. Akasema, “Nyamaza. Gari imepona, mambo imeisha. Ukisema, nani ataleta gari yake hapa?”

Nikanyamaza. Nisimsingizie mzee Yahya, mdomo ulikuwa wangu. Madamu alikuja akanisifu, akatuletea gunia la maharage la asante. Nilichukua fungu langu, nikapika, nikala.

Baadaye nilikuwa nimekaa na wenzangu kwenye kibanda cha chai karibu na garaji. Faustini akapita, shati limepigwa pasi, anaulizia kazi garaji hadi garaji. Dereva mmoja akasema kwa sauti, “Uyo si ule muzee wa kuuza mazutu?” Watu wakacheka. Faustini alisikia. Alitazama chini, akanyoosha shati lake, akaendelea kutembea. Kabla hajapinda kona aligeuka, akaniona nimeshika kikombe. Niliona ni kama wewe unapita pale, nami nimekaa.

Chai ile sikuimaliza. Nilienda Kigobe siku hiyo hiyo, nikamwambia Madamu kila kitu nimesimama getini.

Akaniuliza kwanza, “Na maharage yangu ulikula?”

“Nilikula.”

“We ulinifukuzisha mutu ya miaka mingi, halafu ukakula maharage yangu.” Akaingia ndani. Nikadhani ndiyo basi, kumbe alifuata kitenge chake. “Twende Kanyosha.”

Faustini alitupokea. Mkewe alitupa viti na maji ya kunywa. Niliomba radhi nikiwa nimepiga magoti, maana maneno peke yake niliona hayatoshi. Faustini akaninyanyua kwa kunishika kiwiko.

“Simama, fundi. Hapa bibi yangu uyu alijua tangu zamani mi si mwizi. Hukunisema hapa. Kesho, kule garajini, mbele ya wale wale, useme vile ulisema siku ile, na sauti ile ile.”

Nikasema. Mchana, mafundi wote wapo, mzee Yahya amekunja uso. Nilieleza geji, waya, skrubu, na kwamba nilimsema mtu bila kupima. Madamu akamrudishia Faustini funguo. Alitundika rozari yake, akawasha lori, akaondoka bila kuniangalia, wala simlaumu. Sasa lori hilo anatengenezea garaji nyingine. Mzee Yahya hakunifukuza, ila magari ya wateja wakubwa hanipi tena.

Ningependa nikuandikie kwamba yameisha. Hayajaisha. Madereva wa huku wanamwita Faustini Baba Mazutu. Wengine ni wageni, hawajui jina limetoka wapi, wanalitumia kwa kumpenda kabisa. “Baba Mazutu, habari ya Ngozi?” Naye anaitika. Nikilisikia, natamani niingie chini ya gari nisitoke.

Nisalimie mama, mwambie nguo alizotuma zilifika. Msalimie dada na mumewe, na shemeji mdogo aliyekuwa akikupeleka msikitini. Imamu mwambie naomba dua. Barua hii wasomee ukipenda, siwakatazi.

Ukinipigia simu, baba, usiniambie pole. Mimi kila nikimwona barabarani naita, “Faustini! Mzee Faustini!” kwa nguvu, mpaka watu wageuke. Bado hajaniitikia.

Mwanao aliye Buyenzi,
Saidi