Negativu Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi 2019

Leo natimiza miaka thelathini na moja tangu nitoke nyumbani, begi moja mkononi na kamera shingoni. Nilikuwa na arobaini na mitatu. Hesabu iliyobaki magoti yananifanyia.

Na leo hii hii wamenikumbuka! Bwana wa ubalozi kaja saa nne asubuhi, tai nyekundu, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Shikamoo tatu kabla hajakaa. Taifa linataka kunitunuku nishani. Pasi mpya, tiketi, maonyesho ya picha zangu. Sharti dogo tu, mzee wetu – nikabidhi negativu zote za filamu zangu, zikahifadhiwe. Atazifuata Ijumaa.

Zote? Zote, mzee. Hasa za mwaka ule.

Barua imesainiwa na waziri mwenyewe. Wino umeburuzwa na kiganja, kama ilivyo kwa watu wa mkono wa kushoto. Nilicheka mpaka mgeni akajishika tai. Shoto! Bado unajichafulia karatasi?

Jumanne, 5 Machi

Niandike wazi, hapa hanisomi mtu.

Shoto, waziri wa leo, wakati ule alikuwa ofisa wa polisi. Alimpiga mwalimu risasi langoni mwa shule, mchana kweupe, mwalimu ana chaki mkononi. Mimi niko hatua kumi. Nilipata picha moja tu, ya kumi na saba kwenye mkanda. Kisha mbio.

Chumba cha giza. Dakika ishirini kabla gazeti halijaenda mitamboni, mhariri anagonga mlango: bado? bado? Nikaiweka negativu kwenye mashine, upande sio. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Picha ikatoka imegeuka kama kwenye kioo. Bastola mkono wa kulia.

Kesho yake Shoto akawatabasamia waandishi. Nchi nzima inajua natumia kushoto, akasema. Picha hii ya kughushi. Gazeti likafungwa. Mimi nikavuka mpaka, mkanda ndani ya soksi. Mjane wa mwalimu, aliyekuwa ameshuhudia yote, akabaki kuitwa mwongo.

Mbona sikuichapa upya miaka yote hii? Aibu. Ningelazimika kusema: nilikosea mimi, mpiga picha hodari. Nikaona heri niitwe mkimbizi kuliko mzembe.

Jumatano, 6 Machi

Mpwa wangu kapiga simu. Mjomba, acha ukaidi, mama macho yanamwisha, njoo akuone wakati bado anaona. Mara dada akampokonya simu. Kwani hiyo mikanda ndiyo iliyokunyonyesha wewe? Wape, uje!

Nikamweleza kosa langu. Mara ya kwanza kulitamka kwa sauti.

 Nikamsikia akivuta kiti.

Kumbe, akasema taratibu. Yule mjane nakutana naye kliniki ya macho. Hunisalimia. Mimi huhama benchi – nilijua alimsingizia Shoto, na uwongo wake ndio uliokuondoa.

Akauliza: sasa unakuja, huji? Nikasema sijui. Nilijua.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamka mapema. Nimeziba dirisha la bafu kwa blanketi. Mashine ya kukuzia picha iko juu ya ndoo iliyofunikwa, trei zimepangwa ndani ya beseni. Ile fremu ya chuma inayobana negativu nimeipiga tupa kingo zake, ili safari hii zitokee hata namba za ukingoni mwa filamu. Zikisomeka sawasawa, picha haikugeuzwa. Hata waziri anajua kusoma kumi na saba.

Jicho bado kali. Nikaangalia upande mara tatu. Nne!

Picha ikaibuka kwenye dawa polepole: lango, chaki, uso wa mwalimu. Kisha mkono wenye bastola. Wa kushoto.

Nachapa nakala nne. Ya mjane. Ya dada, kubwa, aishike karibu na macho. Ya magazeti, pamoja na barua inayosema kosa lilikuwa langu. Na moja ya huyu anayebonyeza kengele.

Kabonyeza tena. Mzee wetu, mzee wetu, upo? Nipo! Dawa ya kukazia inataka dakika nne zaidi, na mimi nachuruzika maji mpaka kwenye daftari hili. Asubiri. Picha yake ataipata bado mbichi. Negativu iko ndani ya soksi yangu, kama tulivyokuja.

Dada, nisamehe. Kwetu sirudi.