Nikimchekesha Mke Wangu, Anakimbia

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nisaidie hivyo hivyo, maana yamenifika hapa. Mimi ni muuza nyama, hamsini nimeshaivuka, na mtaa mzima unajua watu wanapanga foleni buchani kwangu kusikia vituko kuliko kununua nyama, na aliyekuwa akicheka kuliko wote ni mama watoto, alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta, na nilimpata kwa mdomo huu huu kwa sababu sura, tuseme ukweli, haikusaidia. Sasa mwaka huu wote nikianza tu kumchekesha anabana miguu, anakaza uso, ananiambia "Baba, nyamaza, nakuomba," halafu anakimbilia chooni anajifungia, nami nabaki sebuleni na kituko nusu kama mjinga. Na simu anaingia nayo! Chai ameacha, maji anakunywa ya kulowesha ulimi tu, kila nguo anayonunua ni nyeusi utadhani nimeshakufa, na nimemwona kwa macho yangu akitoka duka la dawa na kifurushi kilichofungwa kwenye gazeti, akakificha chini ya mtandio, na mwenye duka lile ni kijana mtanashati, hana mke, ananukia. Usiniambie eti anaumwa, mimi mwenyewe siku hizi nasimama chooni mpaka miguu inakufa ganzi nikingoja matone mawili, kwa hiyo namjua mtu aliye chooni kwa shida na aliye chooni kwa siri. Nimewaita kaka zake waje Jumapili hii wamchukue dada yao, na bado nampenda, mshauri, ndiyo maana silali. Je, nikiwaambia habari za huyo kijana nitakuwa nimekosea?

Muuza nyama niliyedharauliwa

JIBU

Utakuwa umekosea vibaya sana, na mashemeji zako watakucheka bila kukimbilia chooni.

Pole kwa maumivu, ila weka kisu chini unisikilize. Kila siku unapima figo kwenye mizani na vibofu unawatupia paka, halafu vya nyumbani kwako huvijui! Figo zinachuja damu, uchafu na maji ya ziada yanateremka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, na chini yake kuna misuli inayofunga njia mpaka mwenyewe aamue. Ya mkeo imebeba mimba za watoto wako na kuwasukuma nje, na hedhi inapokoma, homoni zilizokuwa zikiisaidia nazo zinapungua. Basi mtu akicheka, akipiga chafya au akinyanyua ndoo, tumbo linakandamiza kibofu na mkojo unaponyoka. Nguo nyeusi ni za kuficha doa. Kifurushi ni pedi, baba. Kosa la huyo kijana ni kuuza pedi na kuoga.

Siwezi kuapa bila kumwona mkeo, kwa hiyo kamuulize mwenyewe, kwa upole, mkiwa wawili, na vituko uviache nje. Aende kwa daktari apimwe, afundishwe mazoezi ya kubana na kuachia misuli hiyo. Yanawasaidia wengi, ila yanataka miezi, si siku mbili. Na maji anywe, kwa sababu mkojo mzito unakichokoza kibofu zaidi.

Nawe shujaa wa matone mawili, usijifanye mzima. Mwanamume ana tezi dume, imeuzunguka mrija wa mkojo pale chini ya kibofu, na umri ukisogea inanenepa na kuubana. Mara nyingi si saratani, lakini hilo atakuambia daktari, si wewe na kisu chako. Nendeni pamoja. Ukiona damu, au mkojo ukigoma kabisa, usingoje hata kufunga bucha, kimbia hospitali.

Mashemeji wapigie simu leo hii, waambie hakuna kikao. Sababu usiwape, maana siri hiyo si yako.

Na acha kuniuliza mimi kama unapendwa. Huyo mama anakukimbia kwa sababu bado unamchekesha. Angekuwa amekuchoka, angebaki kitini akakusikiliza mpaka mwisho, mkavu kabisa.