Tulivyomchagua Kapita wa Kalasi ya Sita

Kamina, Jumapili, mvua zimeanza

Kwako yaya Ngoie, dada yangu mkubwa uliyenilea tangu mama alipotuacha,

Nakusalimu, na shemeji namsalimu, na wote wanaolala chini ya paa lako huko Sanga. Magoti yako yamekuachia ulale? Maria, mke wangu, anasema usiache kuyakanda kwa maji ya moto kila asubuhi kabla hujaenda ziwani. Sisi hapa miili ni mizima. Mtoto ameanza kutambaa na kila anachokikuta chini anakitia mdomoni. Samaki wakavu uliowatuma kwa meli mpaka Bukama, halafu kwa treni, wamefika, wadudu wameharibu wawili tu. Tulikula na bukari ya unga wa muhogo siku tatu, na harufu ya ziwa Kisale ikajaa nyumba nzima. Maria alicheka akasema sasa nimenuka kama mtu wa kwetu.

Yaya, barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Ulimwambia katekista aandike hivi: “Dunia inageuka. Sipende Kasongo abakie nyuma sawa minyi.” Hutaki abaki nyuma kama wewe; unataka nimchukue mwanao, akae kwangu, asome katika shule yetu ya kambi ya treni. Jibu langu ni hapana. Usimlete. Najua litakuuma, maana wewe ndiye uliyenifukuza ziwani kwa fimbo ili niende shule. Lakini sikiliza kwanza yaliyonipata, akusomee katekista polepole, kisha unihukumu.

Unajua nafundisha kalasi ya sita, wavulana wakubwa. Hapa kambini baba zao wametoka kila upande. Wengi ni Waluba wa Kasai walioletwa na kazi ya reli, wengine ni wa kwetu wa Katanga, na wapo pia watoto wa mjini na wa vijiji vya jirani, ambao babu zao walilima hapa kabla reli haijafika. Kwangu wote walikuwa kalasi ya sita tu. Njo vile nilidhani.

Mwaka huu watu wazima hawasemi jambo lingine ila hili: huko Elisabethville weusi wametia karatasi katika sanduku wakachagua wakubwa wa mitaa. Siku moja nafundisha somo la wajibu, kama lilivyoandikwa: kumtii mkubwa, kulipa kodi, kusafisha ua, kusimama wima bendera ikipandishwa. Mvulana mmoja akanyoosha mkono. Jina lake Tshibangu. Baba yake ni mashinisti, anaendesha treni, na huyu mtoto alikuwa wa kwanza katika hesabu miaka miwili mfululizo.

Akasema, “Mwalimu, siku moja siye pia tutachagua. Nani atatufundisha namna ya kuchagua?”

Nikapekua kurasa. Katika kitabu changu hapakuwa na somo hilo. Usiku wala mchana sikuacha kulifikiri swali lake, na Jumatatu iliyofuata nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Kapita wa kalasi, yule anayegawa vitabu na kupanga mstari, huwekwa na direktere, mkuu wa shule. Yule wa zamani alikuwa amehama na wazazi wake. Nikawaambia vijana: leo mtamchagua ninyi wenyewe. Msimtazame rafiki wala ndugu. Mtazameni anayeweza kuwa wa haki kwa wote. Kila mtu ataandika jina moja, ataikunja karatasi, ataitia katika boksi la chaki. Hakuna atakayejua mwenziwe ameandika nani. Hilo niliwaapia.

Walisimama wawili. Tshibangu, na Numbi, kijana mwenye sauti nzuri ya kuimba, ambaye baba yake ana mashamba ya mihogo nyuma ya mji na ni mtu wa kusikilizwa kanisani. Yaya, ungewaona walivyoandika. Kila mmoja amefunika karatasi kwa mkono kama mtu anayelinda moto kwenye upepo. Nilisimama karibu na dirisha na machozi yalinijia. Nilijiambia, hii njo kazi niliyozaliwa kuifanya.

Tukahesabu kwa sauti. Tshibangu akashinda, kwa karatasi tatu zaidi. Upande mmoja wa kalasi wakapiga kelele za furaha. Upande wa pili wakatazama chini.

Wakati wa mapumziko nilibaki peke yangu nikazifungua tena zile karatasi. Sikupaswa. Lakini mwalimu anaijua miandiko ya wanafunzi wake kama wewe unavyozijua nyavu zako. Nikaona. Kila mtoto wa Kasai ameandika Tshibangu. Kila mtoto wa huku ameandika Numbi. Hata wale niliodhani ni marafiki wa kugawana muhogo, hata wale wanaokaa benchi moja. Hakuna aliyevuka, isipokuwa mmoja. Karatasi moja yenye jina la Numbi ilikuwa na mwandiko wa Tshibangu mwenyewe, ile “N” yake yenye mguu mrefu. Nikamwuliza baadaye, tukiwa wawili tu, kwa nini hakujiandika.

Akashangaa. “Weye ulisema tutazame mwenye haki. Numbi alinigawiaka kitabu yake wakati yangu ililoa na mvua. Minyi sikumugawiaka kintu.”

Jioni ile habari ilikuwa imekwisha kufika nyumbani kwa kila mtu. Haikufika kama nilivyoituma. Ilifika hivi: Wakasai wamechukua kalasi, na mwalimu amewasaidia. Jumatano vijana wakubwa, kaka za Numbi na wengine, walimngoja Tshibangu kwenye bomba la maji. Walimpiga kwa fimbo na mawe. Mkono wa kushoto ulivunjika juu ya kiwiko. Numbi alikuwepo. Hakupiga, lakini hakuita mtu.

Jumapili, baada ya misa, baba za Kasai walikuja na baba za huku nao wakakusanyika, mbele ya kanisa, watu waliokuwa wametoka kupokea komunyo pamoja. Niliitwa katikati. Baba ya Numbi akaniuliza, si kwa hasira, kwa sauti ya mzee anayemsemesha mtoto wa ndugu yake.

“Banza, weye uko mwana wa Kisale. Uko wetu. Tuambie kweli. Mutoto ule alishinda sawasawa, ao alipanga na benzake?”

Mashinisti, baba ya Tshibangu, akasema, “Mwalimu, sema. Mutoto yangu alifanya mubaya gani?”

Yaya, nilikuwa na neno moja ambalo lingewanyamazisha wote. Ningesema tu: mtoto huyu mnayemchukia alimchagua mwana wenu. Lakini niliwaapia vijana kwamba hakuna atakayejua. Na wengine walikuwa wakitazama pale, wanafunzi wangu, wakingoja kuona kama kiapo cha mwalimu ni kitu. Nikasema tu kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Nikaishia hapo. Baba ya Numbi akatikisa kichwa, akageuka. Mtu mmoja nyuma yake akasema kwa Kiluba kwamba nimeuza nyumba yetu kwa wageni. Mtu wa upande wa pili akamsukuma. Ndipo ngumi zikaanza, mpaka maaskari wakaja.

Nimejiuliza kila siku: nilinyamaza kwa sababu ya kiapo, au kwa sababu niliogopa watu wangu? Sijui. Maria anasema ni kiapo. Ananipenda, ndiyo maana anasema hivyo.

Jumatatu direktere aliniita. Ni padri mzungu tunayemwita mompe, hapigi kelele kamwe. Alikuwa ameweka lile boksi la chaki mezani.

“Mwalimu Banza,” akasema, “nani alikutuma?”

“Hakuna, mompe. Ni mimi.”

“Sitakufukuza. Wewe ni mwalimu mzuri. Lakini umeona mwenyewe. Nyinyi hamjakomaa. Ukimpa mtoto kisu kabla hajajua kukata, anajikata.”

Nilitaka kumwambia kwamba miaka yote tumewafundisha kunyamaza, kupanga mstari, na kuandika kabila lao katika kila daftari la majina, kwa hiyo hawakujua cha kuandika kingine. Nilitaka kumwambia kwamba kitu hakikomai kikifungiwa gizani. Maneno yalikuwa tayari, kwa Kifaransa kizuri. Lakini mkono wa mtoto ulikuwa umevunjika, na huo si maneno. Nikasema, “Ndiyo, mompe.” Akazitia zile karatasi jikoni, katika moto wa kuchemshia kahawa. Ule mwandiko mmoja pia ukaungua.

Mashinisti hakungoja mkono upone. Alimpandisha mwanawe treni ya kwenda Kasai, kwa babu ambaye mtoto hajawahi kumwona. Nilikwenda stesheni. Tshibangu alikuwa amefungwa mkono kwa kitambaa cha mama yake, na begi lake la vitabu begani.

“Mwalimu,” akaniuliza, “kule banasema Kiluba yao. Minyi minasema sawa bantu ya huku. Bataniita nani?”

Nikamwambia, “Waambie umezaliwa Kamina.”

“Na Kamina bananiambia niko wa kule.”

Miaka kumi nafundisha, yaya, na mwanafunzi wangu aliye bora aliniuliza swali la mwisho nikatazama reli. Baba yake, ambaye siku hiyo hakuwa akiendesha, alinipa mkono. Hakunilaumu. Alisema tu, “Ulitaka kufanya muzuri. Lakini haukuangalia sisi wakubwa tuko namna gani.” Kisha treni ikaondoka.

Ndiyo maana nasema usimlete Kasongo. Huko anacheza na watoto wa wavuvi wote bila kuuliza. Akija hapa, kabla hajajua hata hesabu ya kugawanya, atakuwa amejua yeye ni wa upande gani. Aende kwa katekista ajue kusoma na kuandika, hivyo havimdhuru mtu. Mengine ambayo dunia inayogeuka itamtaka, sisi walimu hatuna ya kumpa. Tunasema hatuna vitabu, lakini tunachokosa si vitabu.

Juzi direktere aliingia kalasi ya sita. Sasa vijana wamejigawa wenyewe, hawa upande wa dirisha, wale upande wa mlango, na benchi la katikati halina mtu. Sikuwalazimisha kukaa pamoja. Nguvu hiyo sina tena. Direktere akataja kapita mpya, kijana mmoja mpole ambaye hakuna aliyewahi kumfikiria, mtoto wa mpishi wake. Nikawatazama nyuso zao, nikingoja angalau mmoja akunje uso, angalau mmoja anyooshe mkono aulize kwa nini. Wakapiga makofi, yaya. Pande zote mbili. Walipiga kwa furaha ya kweli, kama watu waliotuliwa mzigo. Na Numbi ndiye aliyepiga kwa muda mrefu kuliko wote.

Nisalimie shemeji, mwambie nyavu alizoomba, Maria anaziulizia sokoni. Nisalimie baba mdogo aliyefiwa na mke, sijamsahau katika sala. Msalimie katekista anayekusomea haya, na asinikasirikie kwa urefu wa barua. Kasongo umshike kichwani kwa niaba yangu, umwambie mjomba hakumkataa.

Ukisema habari zangu ziwani, usiseme tena “mdogo wangu mwalimu.” Sema tu jina.

Vidye Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Mdogo wako,
Banza