Mtamba wa Laki Mbili

Dirma, Jumanne

Laki mbili kwa mtamba wa maziwa. Mnadani bei hiyo ni ya mbuzi wawili, lakini mimi msomi wa familia nilikuwa tayari kutuma hela ya dume tuliyemuuza. Muuzaji simjui, nimemkuta mtandaoni tu, na anataka alipwe leo leo eti wateja ni wengi.

Baba akasema nimpigie kwanza, kisha akachukua simu. Hakuuliza bei. Aliuliza meno ya mbele yakoje.

"Yote yapo, mzee, juu na chini, meupe kabisa."

Baba akakata simu. Ng'ombe gani ana meno ya mbele juu? Nimechunga tangu sijaanza shule, na bado ningemlipa yule mwizi.

Baba akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, msomi," akasema, akaenda zizini.